Kikohozi Kilichopita Bila Waya

Asubuhi niliyoondoka Kisii sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na mkoba wa turubai, koleo, bisibisi za saizi mbalimbali, chuma cha kuyeyushia risasi ambacho hupashwa moto kwenye jiko la makaa, na kitu cheusi chenye umbo la tochi ambacho nitakieleza punde. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na barabara ilikuwa inang'aa. Karibu na soko lilisimama lori la majani chai, tupu, dereva wake akinywa chai. Nilimwomba anibebe. Akaniuliza ninaenda wapi. Nikamuuliza yeye anaenda wapi. Akasema Ikonge. Nikamwambia na mimi ni huko huko. Akanionyesha nyuma ya lori kwa kidole gumba, nikapanda.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, mwanzoni mwanzoni. Sasa nimefunga kibanda changu, tangu mwezi uliopita. Mtu asiye na mwajiri hastaafu kwa sherehe. Hushusha kibao kilichoandikwa jina lake, na mbao zake huenda kutengeneza banda la kuku. Kuku wangu sasa wanalala chini ya maneno "Tunarekebisha Redio za Kila Aina", na hawajalalamika.

Ninyi vijana mliobaki kwenye benchi mmekuwa mkinipigia simu na swali moja. Mteja ana kijisanduku kinachopokea muziki kutoka kwenye simu yake bila waya, na nyumbani ana redio kubwa ya zamani yenye spika za mbao aliyoachiwa na baba yake. Anataka viwili hivyo vioane. Jibu langu ni fupi. Chomeka waya mwekundu na mweupe kwenye tundu lililoandikwa AUX. Usichomeke kwenye lile la PHONO. Hilo ni la sindano ya santuri, ambayo sauti yake ni ndogo mno, kwa hiyo amplifaya huikuza sana, na muziki wa kijisanduku chako utatoka kama mlevi aliyeanguka ndani ya pipa. Anza na sauti ya chini. Kazi imekwisha. Lakini mnaponiambia kwamba kupeleka muziki chumba kingine bila waya ni mambo ya juzi, hapo ndipo ninapotafuta kalamu.

Niliacha shule mapema kwa sababu mbili, karo na mto. Karo haikuwepo, na mto ulikuwepo kila siku. Baada ya kuchoka na mto nilitembea kutoka kwetu Manga, nikashuka hadi Kisii, nikasimama mbele ya duka la Wahindi lililouza redio. Nilisimama pale mpaka mwenye duka, mzee mpole tuliyemwita Baba Kanti, akatuma mtu aniulize kama ninapanga kuiba au kununua. Nikasema nataka kujua mtu anayesoma habari anakaa upande gani wa redio. Alicheka, akanipeleka nyuma, kwenye benchi la fundi wake.

Fundi huyo aliitwa Ouma, Mjaluo kutoka kule ziwani, mrefu hata alipokuwa ameketi. Siku ya kwanza hakuniruhusu kushika kitu. Alisema nikae nisikilize. Redio ikiletwa, tuliisikiliza ikiwa mbovu kabla ya kufungua skrubu hata moja. Mlio wa chini unaofanana na nyuki, alisema, ni kapasita inayozeeka. Mkwaruzo unapogusa kitufe cha sauti ni vumbi. Kimya kabisa, alisema, angalia kwanza kama mwenyewe ameweka betri. Kisha tulinusa. Ouma aliamini kwamba kila kitu kilichoungua kina harufu yake, na alikuwa sahihi, isipokuwa kwamba redio za baa zote zilinuka bia na hazikutusaidia.

Watu wa baa ndio walionifundisha subira. Santuri ikiruka, walibandika sarafu juu ya mkono wa sindano ili ikae chini. Sindano ilikaa chini kweli, ikachimba santuri kama jembe, halafu wakatuletea kinanda cha santuri wakisema kimeanza kukwaruza chenyewe. Ouma aliondoa sarafu, akairudisha mkononi mwa mteja kwa heshima, akasema, "Ndugu yangu, hii ni yako. Sasa nunua sindano."

Kile kitu cheusi kilitoka kwa mhubiri. Kilikuwa kipaza sauti kisicho na waya. Unasema ndani yake, na sauti yako inatoka kwenye redio yoyote ya FM iliyo karibu, ukipata mahali pake kwenye mstari. Mhubiri alikinunua Nairobi kwa furaha kubwa, akakiwasha Jumapili ya kwanza, na mahubiri yake yakatokea pia kwenye redio ya baa iliyokuwa nyuma ya kanisa. Wateja walikuja kulalamika, na waumini wawili walijulikana walikuwa wapi. Alikileta kwetu tukipunguze nguvu, akarudia kupiga kelele kwa koo lake, na hakuja kukichukua tena. Nilipomuaga Ouma alinitilia kile kidude mkobani. Hatukuwa tumegombana. Nilikuwa tu nimeanza kujua kila redio ya Kisii kwa ugonjwa wake, na mguu wangu ukijua njia ya kwenda kazini bila kuniuliza huwa naogopa.

Basi lori likanishusha Ikonge. Siku hiyo ilikuwa ya soko. Nilitandika gunia mbele ya mashine ya kusaga unga, nikapanga vifaa vyangu, na kabla sijapata mteja wa kwanza akaja mzee mmoja mwembamba, amevaa koti la suti na gambuti, akisukuma betri ya gari kwenye wilbaro. Pale kwenye mashine ndipo betri za kijiji zilipochajiwa. Aliangalia vifaa vyangu kimoja kimoja. Aliitwa Mzee Onderi. Alikuwa amefanya kazi reli miaka mingi, akarudi nyumbani na mafao yake yote yakiwa katika umbo la kinanda: meza ya santuri, deki ya kaseti, amplifaya, na spika mbili ambazo mtu angeweza kuzigeuza kabati. Aliniuliza kama naijua mashine ya namna hiyo. Nikasema naijua. Akaniambia nipande kilima naye, na nisukume wilbaro.

Maneno yote ya boma lile yalisemwa kwa Ekegusii. Nayaweka kwa Kiswahili kwa sababu wengine wenu mmezaliwa Nairobi na mnajua Ekegusii cha kuombea chakula tu.

Kinanda kilikuwa na mambo matatu. Mende walikuwa wamehamia ndani ya amplifaya, kwa sababu mashine iliyotumika ina joto na mende si wajinga. Mkanda wa mpira wa kuzungushia santuri ulikuwa umelegea, nikaukata na kuunganisha mpya kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Na kichwa cha deki kilikuwa kimeganda uchafu wa kahawia, nikakisafisha kwa pamba na spiriti. Nilipounganisha betri, santuri ikazunguka, na gitaa zikajaa nyumba hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Nikamgeukia mzee nipokee sifa zangu. Alikuwa ameketi akiangalia nje, kwenye nyumba ya bati iliyokuwa chini ya kilima, mbali kidogo, ng'ambo ya njia ya ng'ombe.

"Kule haifiki," akasema.

Hapo ndipo nilipoelezwa tatizo lenyewe. Mke wake, Mama Osoro, aliteleza akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali alihitaji kuoshwa na kugeuzwa. Mtu pekee wa kufanya hivyo alikuwa Moraa, mke wa mtoto wao Osoro, maana Osoro mwenyewe alikuwa kazini Mombasa. Lakini sisi tuna haya zetu, tunaziita chinsoni. Mkaza mwana haingii chumba cha kulala cha baba mkwe wake, na baba mkwe hapiti mlango wa nyumba ya mtoto wake. Hakuna askari anayelinda jambo hilo na hakuna anayehitajika. Kwa hiyo, ili Moraa aweze kumtunza, Mama Osoro alishushwa kwenye nyumba ya Moraa, na tangu siku hiyo wazee wawili waliokula sahani moja tangu ujana walikuwa wanasalimiana kwa kutuma wajukuu.

Mfupa ulikuwa umeunga. Daktari alisema sasa mama aanze kusimama na kutembea, la sivyo mguu utakakamaa na atabaki kitandani maisha yake yote. Yeye akageukia ukuta. Moraa alimbembeleza, majirani walimbembeleza, mchungaji alikuja akamwombea. Jibu lake kwa wote lilikuwa moja, "Nisimame niende wapi?" Mtu ambaye pengine angeweza kumshawishi alikuwa juu ya kilima, na hakuweza kuvuka mlango. Kila jioni, mzee alisema, walikuwa na desturi ya kusikiliza santuri pamoja, upande wa kwanza akichagua yeye, wa pili mama. Alitaka muziki umfikie. Labda, alisema, akisikia upande wa kwanza atataka kuja kuchagua wa pili.

Nikamwambia hilo ni rahisi. Tutavuta waya kutoka kwenye amplifaya, tuushushe chini, tuweke spika moja dirishani kwa Moraa. Mzee akatikisa kichwa. Jambo hilo lilikuwa limeshajadiliwa na kaka yake mkubwa, Mzee Nyagaka, aliyekaa boma la pili na ambaye alizitunza chinsoni za ukoo mzima kama mtu anayetunza maksai wake. Nyagaka aliuliza waya huo unaanzia wapi. Akaambiwa unaanzia chumbani kwa Onderi. Unaishia wapi? Ndani ya nyumba ya mkaza mwana wake. Nyagaka akasema kamba iliyofungwa kwenye nyumba ya mzee na ncha ya pili ikawa ndani kwa mkaza mwana ni mguu wa mzee uliovuka mlango, hata kama ni ya shaba. Mambo yakaishia hapo.

Mimi na udadisi wangu hatukulala vizuri kwenye esaiga, kile kibanda cha vijana wasiooa walichonipa nijihifadhi. Asubuhi nikatoa kipaza sauti cha mhubiri mkobani.

Siku zile upande wa FM wa redio zetu ulikuwa mtupu. Stesheni zilikuwa kwenye mawimbi mengine, na ukigeuza swichi ya FM ulisikia mvumo tu kama mahindi yakikaangwa kijiji cha mbali. Moraa alikuwa na redio ndogo ya kaseti yenye FM. Nilimwomba aiwashe, nikaenda kwa mzee, nikakisimamisha kile kidude kwenye kiti mbele ya spika, kisha nikashuka tena kuzungusha mshale polepole mpaka gitaa zikatokea katikati ya mvumo. Hakukuwa na waya, kamba wala mguu. Njia sahihi ingekuwa kung'oa maiki iliyo ndani yake na kuunganisha amplifaya moja kwa moja, ili ipite santuri peke yake, lakini nilihitaji rezista na kapasita kutoka Kisii. Tukakubaliana tuanze hivyo, nami nitaenda Kisii nikipata lori.

Nilimweleza Mzee Onderi waziwazi. Nikasema, mzee, hiki kitu hakijui santuri, kinasikia kila kilichoko chumbani kama mtu aliyeketi pale. Ukiongea, kinaongea. Alinielewa kabisa, kwa namna yake. Unapokutana na mkaza mwana wako njiani, unafanya nini? Unageuka upande, unatazama migomba, anapita, na heshima imetimia. Basi mzee akageuza kiti chake kikatazama ukuta. Nikasema si hivyo. Akasema nimegeuka kabisa, kijana, tazama. Na kweli alikuwa amegeuka kabisa.

Jioni ya kwanza ilikwenda vizuri. Moraa aliniambia baadaye kwamba santuri ilipoanza, mama mkwe wake alikuwa anatazama ukuta kama kawaida. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ulipoanza akasema, bila kugeuka, kwamba huyo mtu hajafuta vumbi kwenye santuri. Wimbo wa tatu akageuka. Akaomba uji, akaunywa wote. Lakini Moraa alipojaribu bahati yake na kusema, basi mama tusimame kidogo, akaulizwa swali lile lile, twende wapi.

Siku iliyofuata mzee alikohoa.

Kukohoa kwetu si ugonjwa peke yake. Baba mkwe anapokaribia boma la mtoto wake hukohoa kutoka mbali, ili mkaza mwana asikie, ajifunike vizuri, atoke upande mwingine. Moraa alikuwa amepiga magoti sakafuni, kanga ikiwa imefungwa kiunoni, anapaka sakafu udongo. Redio ikakohoa, kikohozi cha Mzee Onderi chenyewe, chenye vituo vyake viwili. Moraa hakufikiri. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akapita kwenye mahindi, akaruka ua wa jirani, na alisimama tu alipoona kwamba amejifunika nguo ya jirani aliyoinyakua kwenye kamba. Aliporudi, mama mkwe alikuwa anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanguke. Moraa alichukua kitambaa chake cha kichwa akaifunika redio, na tangu hapo redio ilivaa kitambaa kila ilipowashwa.

Majirani nao walikuwa wamegundua. Nguvu za kile kidude hazikufika hata barabarani, lakini nyumba chache za kilima kile zilikipata, na watu wakaacha taarifa ya habari. Mama mmoja aliniomba nimwambie mzee asikanyage kiti kwa nguvu, kinalia. Mwingine alitaka ule wimbo wa harusi urudiwe. Nilishangaa jinsi tulivyopata wasikilizaji haraka hivyo, na tukawa na malalamiko yao pia.

Mzee Nyagaka hakuwa na redio, lakini alikuwa na masikio, na kikohozi kilimfikia kwa njia ya miguu. Akatuma neno kwamba anakuja. Tulijua anachokuja kusema. Nyagaka akisema kitu kizimwe, kitazimwa, na mwanamke aliyeanza kunywa uji atageukia ukuta tena, safari hii pengine bila kugeuka. Daktari hakuwa ametupa muda mrefu. Mzee Onderi hakula mchana ule. Alifuta vumbi kwenye santuri zote.

Nyagaka alifika alasiri, akaketi, akaweka kofia gotini. Kwa heshima ya kaka yake, Onderi alinyanyua sindano, muziki ukakoma. Kile kidude kilibaki kitini, kimewaka. Nilimwonyesha mzee kwa kidole. Akaitikia kwa kichwa, akageuza kiti chake kikatazama ukuta.

"Unaongea na mimi au na ukuta?" Nyagaka akauliza.

"Na wewe. Huku nimegeuka kwa ajili ya mkaza mwana."

"Kikohozi kimeingia nyumba ya Moraa, Onderi. Kikohozi kina mwenyewe."

"Hata moshi wa jiko langu huingia kule upepo ukigeuka. Mbona hujaja kwa ajili ya moshi?"

"Moshi hauna koo."

Waliendelea hivyo kwa muda, na kusema kweli Nyagaka alikuwa anashinda. Kisha akasema neno ambalo nadhani hakulipanga. Alisema watu wanacheka sokoni. Wanasema Onderi, mtu mwenye wajukuu, anamfuata mke wake kwa redio kama kijana.

Mgongo wa Onderi ukanyooka pale kwenye kiti.

"Mimi nimfuate?" akauambia ukuta. "Yule ndiye aliyenifuata. Mimi nilikuwa napita zangu tu. Alinifuata kutoka soko la Ikonge mpaka mtoni, akajifanya mtungi umemponyoka, ili nimwokotee. Mimi nilikuwa sina hata habari naye."

Nilikitazama kile kidude. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka kwa utulivu kabisa.

Yaliyotokea chini nayaandika kama Moraa alivyonisimulia. Walikuwa wanawake watatu wanachagua maharage, na mama amelala. Redio ilipomaliza neno "habari naye" hakuna aliyecheka, kwa kuwa walimwona mama akisukuma blanketi. Akasema aletewe fimbo. Moraa alifikiri anataka kuipiga redio, akaanza kuisogeza. Mama akasema, "Si ya redio. Ni ya kusimamia. Na nyingine ya mkono huu."

Sisi kule juu tulisikia kwanza kelele za kilima, watu wakiitana kutoka milangoni. Nikatoka. Mama Osoro alikuwa anapanda, fimbo mbili mbele, miguu nyuma ikibishana, Moraa amemshika kiunoni. Kila hatua alisimama, na kila aliposimama nilidhani ameishia hapo. Mwanamke mmoja alileta kigoda mpaka njiani, mama akakizunguka. Alipofika mwisho wa uwanja, mahali mkaza mwana anapoishia wazee wakiwa wameketi, Moraa akaniita nimpokee mama. Alikuwa mwepesi na alikuwa anatetemeka mwili mzima. Kwenye ngazi za mawe alinikanyaga mguu na hakuomba radhi. Mlangoni akaniondoa mkono.

Mzee Onderi alikuwa bado anatazama ukuta, maana alijua hatua zile ni za nani.

"Baba Osoro," mama akasema. Ilimbidi apumzike kwanza. "Ni nani alikuja kwetu kutafuta ndama?"

Mzee akakisogeza kiti karibu zaidi na ukuta.

"Nakuuliza. Ndama aliyepotea."

"Ndama alikuwa mwekundu," mzee akasema polepole.

"Kwenu kulikuwa na ng'ombe?"

Onderi akageuza kichwa, akamtazama kaka yake. Mzee Nyagaka alikuwa anaigeuzageuza kofia yake. Alikuwa mtu mkali wa mila, na kusema uongo mbele ya mke wa ndugu yake nako kulikatazwa na mila.

"Wakati ule hatukuwa na ng'ombe," akasema. "Tulikuwa na mbuzi mmoja, naye alikuwa wa watu."

"Alikuja mara tatu," mama akasema. "Mara ya tatu baba yangu alimwambia, kijana, kabla ya ndama, nenda kwanza ukatafute mama yake."

Nyagaka alianza kucheka kwa mabega, halafu kwa tumbo. Huko nje kilima kizima kilicheka pamoja naye, kutoka kwenye redio moja hadi nyingine. Onderi alisimama. Akageuza kiti chake kutoka ukutani, akakisogeza karibu na kile kiti cha mama kilichokuwa kimekaa kitupu miezi yote ile, akampisha, na mama akaketi nyumbani kwake. Nyagaka alifuta macho. Akafungua mdomo kuendelea na shauri la kikohozi, akatazama mwanamke aliyekuwa mbele yake, akaufunga tena. Kikohozi hakikuwa na pa kwenda sasa.

"Upande wa pili nachagua mimi," mama akasema. Kisha akanigeukia. "Lakini kwanza, fundi, zima hicho kitu."

Mzee akauliza kama ni muziki unaozimwa.

"Muziki uacheni. Azime kile kinachotoka nje. Kuna jambo nimekaa nalo pale kitandani siku zote hizi nataka kumwambia huyu, na si la Ikonge nzima."

Nikatoa betri. Mzee Nyagaka akavaa kofia, akatoka mbele yangu, na mimi nikavuta mlango nyuma yetu. Tulipokuwa tunashuka wanawake walituita kutoka kila nyumba. Fundi, redio imekufa. Fundi, rudisha kidogo tu. Nyagaka aliwajibu yeye mwenyewe, kwamba warudi kwenye maharage.

Mama Osoro hakulala tena kwa Moraa. Mguu ulibaki mzito, lakini ulimfikisha jikoni, baadaye shambani, na akawa anajiosha mwenyewe. Kazi yangu ikawa imekwisha bila kuzihitaji zile rezista za Kisii. Mnaweza kuandika hilo kwenye vitabu vyenu: kuna mitambo ambayo ubora wake ni kutohitajika tena. Nilikaa siku chache nikitengeneza redio za majirani, ambao kila mmoja alinisemesha kwa upole na kisha akauliza mama alisema nini mlango ulipofungwa. Nilipoona maswali yanazidi redio, nilifunga mkoba.

Nilitembea mpaka Nyaramba. Nilifika mchana, jua kali, sijui mtu hata mmoja. Nyuma ya maduka kulikuwa na vyumba vya kupangisha, na mwenye vyumba alikuwa mama mnene aliyeketi kivulini akisuka kikapu. Nikamwomba chumba. Akatazama mkoba, akatazama chuma cha kuyeyushia risasi kilichochungulia, akaacha kusuka.

"Wewe ndiye yule fundi wa Ikonge," akasema.

Habari za soko hutembea kuliko mimi. Nikakubali. Akanionyesha kigoda. Akasema ameisikia yote, kikohozi, ndama, baba mtu, ila wale waliomletea waliikatiza mahali pazuri. Akainama mbele.

"Halafu yule mama alimwambia nini?"

"Sijui, mama. Nilizima, nikatoka."

"Hata ukutani hukuweka sikio? Kidogo?"

"Sikuweka."

Uso ukamwanguka kama mtu aliyenyimwa chai. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatafuta kati ya funguo, akachomoa mmoja.

"Ungekuwa unajua nisingekupa," akasema. "Kuta zangu ni nyembamba. Chako ni kile cha mwisho."